Samaki mpya wa tangini akigoma kula

Wanaoanzisha tangi la maji ya chumvi hapa Unguja hunijia na maswali mawili. Kwanza huja na la samaki: nimemtia jana na hali kitu. Miezi michache baadaye huja na jingine: mbona mawe yameota vidude vya kahawia, na usiku minyoo imejaa? Mimi huyajibu pamoja, kwani hili la pili mara nyingi limezaliwa na la kwanza. Samaki hali, mtu anaingiwa na huruma, anamwaga chakula zaidi. Hakiliwi, kinazama kwenye nyufa za mawe, na humo wapo wanaokisubiri.

Siku mbili tatu za mwanzo mwacheni atulie. Punguza taa, mpe mawe ya kujifichia, watoto wasigonge kioo. Samaki aliyetolewa mwambani, akapita kwenye nyavu, ndoo na mfuko wa plastiki, hawazi kula. Wakati huo mimi natazama pumzi na tumbo. Matamvua yakienda mbio, usimlaumu samaki, pima maji: amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, ziwe sifuri, chumvi iwe kiasi cha gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto baina ya nyuzi 25 na 27. Tumbo likianza kubonyea ndipo ujue kwamba sasa inabidi umshawishi.

Na huwezi kumshawishi kama hujui kwao anakula nini. Wapo vitatange ambao chakula chao ni matumbawe hai tu. Hao nakuomba uwaache baharini, hata wauzwe bei gani, maana tangini watakufa njaa huku unawatazama. Wale wengine wanaodonoa kila kitu mwambani huwa nawaanza kwa chaza mbichi. Namfungua, naacha nyama ishikane na kombe lake, naliweka chini karibu na jiwe analojificha. Kitatange hatoki mara moja. Anachungulia, anarudi nyuma, anapita ubavu mara mbili tatu. Kisha anaingiza ule mdomo wake mrefu na kung'oa kipande kidogo, anakitema, anakichukua tena. Akishakimeza, kazi kubwa imekwisha. Siku zinazofuata nachanganya chaza na kamba aliyekatwakatwa, mpaka anazoea kula kamba peke yake.

Kangaja na tasi ni habari nyingine. Hao ni wala majani, na wanakula mchana kutwa. Waulizeni wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani jinsi tasi wanavyowamalizia mwani wao. Mtafutie mwani wa kijani, ule mwembamba kama karatasi, mbali na mitaro ya maji machafu. Uoshe kwa maji ya bahari na uukung'ute vizuri, kwa sababu vikaa vidogo hujificha humo. Ufunge kwenye jiwe asubuhi, na jioni utoe uliobaki.

Kamba wa soko la Darajani anafaa sana, ila awe mbichi, asiyetiwa chumvi wala kiungo. Mgandishe kwenye friza, mkate vipande visivyozidi jicho la samaki wako, umyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi. Yale maji yenye ukungu yanayobaki kikombeni yamwage nje, usiyatie tangini. Kwa samaki wadogo sana hakuna kinachoshinda vijidudu vya artemia vilivyo hai. Mayai yake huanguliwa kwenye maji ya chumvi yenye hewa kwa muda wa saa 24 hadi 36. Wape samaki vijidudu hivyo siku ile ile vinapotoka, kabla havijamaliza kiini vilichozaliwa nacho, kwani ndicho chenye lishe.

Toa kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Kinachobaki kivute kwa mpira wa kunyonyea maji. Hapa ndipo unaposhinda au kushindwa vita na wadudu wa mawe.

Minyoo yenye manyoya, kwa mfano, mingi haina ubaya. Inakula mabaki. Usiishike kwa mkono mtupu, manyoya yake yanachoma, lakini pia usiitie sumu. Ukiona imezidi, punguza chakula nayo itapungua yenyewe. Aiptasia ni adui wa kweli: kianemoni, yaani kijinyama laini kama ua, cha kahawia, chembamba, kinachojikunja ndani ya tundu ukikigusa na kuunguza matumbawe ya jirani. Usikikate wala kukikwangua, kwani kila kipande kinachobaki jiweni huota kipya. Mimi nazima pampu, nachanganya chokaa safi isiyotiwa kitu na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, nachukua bomba la sindano na kukifunika mdomoni taratibu. Vichache tu kwa siku, kwani chokaa hupandisha haraka pH ya maji, kipimo cha asidi na alkali. Vaa glavu, na linda macho. Wapo pia vitatange wanaoila aiptasia, lakini hao hao hudonoa matumbawe, kwa hiyo fikiri kwanza tangi lako lina nini.

Samaki mpya, jiwe jipya, tumbawe jipya, vyote vikae tangi la pembeni kwa wiki nne. Akitoka vidoa vyeupe atibiwe huko huko, maana dawa yenye shaba huua kamba na matumbawe. Na tafadhali usiende kuvunja tumbawe hai mwambani. Miamba yetu ilipauka kwa joto mwaka 1998 na tena 2016, haina cha kutugawia. Mawe au viumbe vya tangini usivyovitaka tena, navyo usivirudishe baharini. Kausha mawe juani mpaka yakauke kabisa, na samaki mtafutie mwenye tangi jingine.