Re: Nisome uzamili wa muziki au wa ushauri nasaha?

Dada, umesema wewe ni mwalimu wa muziki sekondari, wanafunzi wanakujia na matatizo yao, na hutaki kuacha kinanda. Basi usichague kabla hujaangalia tiba ya muziki, yaani kutumia muziki kuwatibu watu wenye matatizo ya kiafya au ya kihisia. Hiyo ni taaluma kamili, siyo kuwapigia wagonjwa nyimbo. Pale NYU (Chuo Kikuu cha New York, Marekani), kitivo cha Steinhardt kina uzamili wa tiba ya muziki na wa tiba ya maigizo, na elimu na ushauri nasaha vimo humo humo. Uingereza huruhusiwi kujiita mtaalamu wa tiba ya muziki bila kusajiliwa na HCPC, baraza la huko linalosajili wataalamu wa afya, na njia ya kawaida ni uzamili.

Ukiamua ushauri nasaha Marekani, uliza kwanza kama kozi ina ithibati ya CACREP, chombo kinachothibitisha ubora wa kozi za ushauri nasaha. CACREP inadai saa 700 za mafunzo kwa vitendo: 100 za awali, kisha 600. Ukiwa unafanya kazi kutwa, hapo ndipo pagumu kuliko ada.

Chuo Kikuu cha Kenyatta nao wana uzamili wa muziki, ila huo ni wa muziki wenyewe. Na kama utarudi Kenya kutoa ushauri, soma Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 kabla hujalipa hata shilingi.