Shatner alianzia jukwaani

Hapana ndugu yangu, ukisema mwigizaji William Shatner "alibahatika tu na Star Trek", ule mfululizo wa televisheni wa safari za anga za juu, unaruka zaidi ya miaka kumi ya kazi. Alizaliwa Montreal mwaka 1931, akasoma biashara Chuo Kikuu cha McGill hadi 1952, kisha akajiunga na tamasha la Shakespeare la Stratford, Ontario. Huko ndiko alikopikwa.

Chukua mwaka 1956. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Henry V, mfalme huyo aliigizwa na Christopher Plummer, Shatner akiwa mwigizaji wake wa akiba. Plummer akashikwa na maumivu ya jiwe la figo, kijana akapanda jukwaani bila kufanya mazoezi na wenzake. Na hakumwiga mwenye nafasi yake: pale Plummer alipozoea kusimama na kuhutubia, yeye alikaa. Plummer mwenyewe alikuja kukiri kwamba hapo ndipo alipojua huyu atakuwa nyota. Mwaka 1991 walikutana tena kwenye filamu ya Star Trek, Plummer akiwa Jenerali Chang, adui anayemwaga maneno ya Shakespeare hata vitani. Itafute, wanapatana mno wale wazee!

Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, pia alifika, na tamthilia aliyoigiza huko, The World of Suzie Wong ya 1958, ilipita maonyesho 500.

Kapteni Kirk, mhusika wake wa Star Trek, alikuja 1966, Shatner akiwa na miaka 35. Tuzo zake mbili za Emmy, zile za televisheni ya Marekani, hata hazikutokana na Kirk, bali na wakili Denny Crane, mhusika mwingine aliyemwigiza kwenye televisheni, mwaka 2004 na 2005, akiwa ameshapita miaka 70.