Skeli ya bluzi: ile noti ya sita usiikalie

Umbo la skeli ya bluzi, yaani mpangilio wa noti za muziki wa blues kwenye gitaa, nililikariri kwa jioni moja. Baada ya hapo nikazunguka nalo karibu mwaka mzima, napanda nashuka, napanda nashuka, nikiamini kabisa kwamba ninapiga bluzi. Siku nilipojirekodi kwa simu na kusikiliza, nilisikia mtu anayepanda ngazi bila kuingia chumba chochote.

Kama unaijua pentatoniki ya maina, skeli ya noti tano, kazi kubwa umeshaimaliza. Ukianzia A ni A, C, D, E na G. Chomeka E fleti (E iliyoshushwa kidogo) katikati ya D na E, basi, umepata noti zako sita. Kwenye gitaa, weka kidole cha shahada freti ya 5 (freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingo), na hiyo noti mpya utaikuta uzi wa tano, ukihesabu kutoka ule mwembamba, freti ya 6, na tena uzi wa tatu freti ya 8.

Mimi niliponzwa na hiyo E fleti. Kwa kuwa ndiyo iliyoongezwa niliiona dhahabu, nikawa natua juu yake kila mara. Hebu iache ilie peke yake huku kodi ya A7 (noti kadhaa zinazolia pamoja) ikiendelea: inakwaruza sikio. Sasa piga uzi wa tano freti ya 5, 6, 7 mfululizo, utulie kwenye ya 7. Noti ileile iliyokera imekuwa tamu, maana imekusukuma hadi E. Ni noti ya kupitia. Wapo mabingwa wanaoing'ang'ania makusudi, lakini hao wanajua watakakotokea.

Kilichonichelewesha zaidi ni C, na hili hakuna aliyeniambia. Ndani ya A7 kuna C shapu, yaani C iliyopandishwa freti moja, nawe unapiga C. Darasani hiyo ingehesabiwa kosa. Kwenye bluzi ndiyo ladha yenyewe. Ila usiiache C ikiwa kavu. Ukiwa uzi wa tatu freti ya 5, uvute uzi kuelekea sakafuni kidogo mno, usifike hata nusu toni, yaani umbali wa freti moja. Sauti inayotoka huwezi kuipata kwenye kinanda, iko kati ya C na C shapu. Waimbaji wa bluzi, Wamarekani Weusi wa kusini walioanzisha muziki huu, waliimba hapo hapo. Gitaa linawaiga tu. Mimi nilivuta kupita kiasi kwa wiki kadhaa, na kila nilipofika C shapu kamili ule uchungu ulipotea.

Kwa mazoezi, tafuta mdundo wa baa 12 (si zile za vinywaji, ni vipande vya muziki vyenye urefu sawa): nne za A7, mbili za D7, mbili za A7, moja ya E7, moja ya D7, mbili za A7. Skeli nzima iweke kando. Chukua A, C na D tu. Piga kifungu kifupi, nyamaza, kisha jijibu. B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa maarufu wa bluzi, aliimba mstari, halafu gitaa likamjibu. Hakuvifanya vyote kwa pamoja. Kunyamaza huko kulinishinda kuliko vidole.

Na baa ya tano ikifika, D7 ikiingia, rudi kwenye ileile C, safari hii bila kuuvuta uzi. C imo ndani ya D7. Mkono haujahama, ugomvi wote umekwisha.