"Mmoja tu": neno lililonifungia kituo wiki sita

Juzi usiku nilipata ujumbe wa dada mmoja anayelea watoto nyumbani kwake. Leseni yake inamruhusu watoto sita, na wote sita anao. Jirani yake amepata kazi ghafla, anamwomba amshikie mwanawe wa mwaka mmoja na nusu kwa wiki mbili, mpaka apate pengine. Dada anauliza: mtoto mmoja akizidi kuna ubaya gani, na mkaguzi atajuaje?

Nilimjibu neno moja: usimpokee. Halafu nikabaki na simu mkononi. Niliona jibu halitoshi, kwa sababu mimi pia niliwahi kuambiwa hivyohivyo na sikusikia.

Wiki iliyopita nimehuisha leseni yangu. Mkaguzi alikuja bila taarifa asubuhi, watoto wakiwa bado mezani. Alifungua makabati yote, akapima nafasi kati ya kitanda na kitanda, akabonyeza king'amuzi cha moshi mpaka kikalia, akapitia rejista ya miezi mitatu mstari kwa mstari. Aliondoka bila kuandika kosa hata moja. Nilimsindikiza mpaka nje, nikarudi nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikalia. Miaka minne iliyopita mkaguzi mwingine alipita mlango huohuo na kuondoka na leseni yangu.

Ilikuwa Jumatano. Niliruhusiwa watoto sita, na mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka minne, alihesabiwa humo. (Wengi hushangaa wakisikia hili. Sehemu nyingi mtoto wako mwenyewe ambaye hajafikisha umri fulani anahesabiwa kama wengine, hata kama amelala chumbani kwako. Soma leseni yako inasemaje.) Kwa hiyo watoto wa watu walikuwa watano. Saa nne asubuhi mama mmoja alinipigia akilia. Binti yake mdogo nilikuwa naye tangu ana miezi mitano. Bibi yao alikuwa amekimbizwa hospitali, na shule ya kaka wa yule binti ilikuwa imefungwa mapema. "Mmoja tu, dada yangu, mpaka saa kumi." Nikasema mlete. Saa sita akapiga mzazi mwingine, ambaye siku zake zilikuwa Jumatatu na Ijumaa. Naye alikuwa amekwama kazini. Nikaona nikimkatalia huyu baada ya kumpokea yule nitakuwa nimependelea. Wakawa wanane.

Nitasema ukweli: mchana ule nilijiona mtu mwema. Sikufanya kwa tamaa, na senti ya ziada sikudai. Hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa. Wanaojaza watoto kwa ajili ya fedha wapo, lakini sisi wengine tunaangushwa na huruma, na huruma haikuongezei mikono.

Kosa la hesabu halikukaa peke yake. Kaka mtu alichoka, nikamlaza kwenye kitanda cha mtoto mchanga. Mchanga, mwenye miezi minne, nikamlaza kwenye kochi na kumzungushia mito asianguke. Nilikuwa nimefundishwa. Nilijua kwamba mtoto mchanga analazwa chali, peke yake, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mto wala blanketi zito, na kwamba kochi ni miongoni mwa mahali pabaya kabisa pa kumlaza, kwa sababu pua ikizama kwenye mto hana nguvu ya kujigeuza. Sheria hii haikutungwa na mtu asiyejua watoto. Uingereza ilianza kuhimiza wazazi kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata kwa kampeni kubwa mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Kipindi cha hatari kubwa ni kati ya miezi miwili na minne. Mchanga niliyemlaza kwenye kochi alikuwa na minne.

Kizuizi cha mlango wa jikoni nacho kilikuwa wazi, kwa sababu nilipita mara nyingi nikiwa nimebeba mtoto huku na mtoto kule.

La mwisho ndilo linaloniuma mpaka leo. Wale wawili wa ziada sikuwaandika kwenye rejista, na sikusahau. Niliogopa kuacha ushahidi. Moto ungetokea saa ile, waokoaji wakachukua daftari na kuhesabu watoto waliotoka, wangekuta sita wameandikwa. Wangeridhika wakiona sita nje.

Saa tisa na dakika kumi alasiri mlango uligongwa. Mkaguzi aliuliza wako wangapi. Nikasema sita. Akaanza kuwahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, akiwagusa kichwani. Alipofika saba hakuniangalia, aliendelea. Nane.

Leseni ilisimamishwa wiki sita, na taarifa ya makosa ikatakiwa ibandikwe mlangoni, mahali ambapo kila mzazi angeisoma. Sina kinyongo na mkaguzi. Kinachoniuma ni yule mama aliyenipigia akilia. Alipoulizwa alisema hakujua kama nina kikomo, ingawa fomu yenye kikomo hicho alikuwa ameitia saini mwenyewe. Siku ya tatu akamhamisha binti yake, kisha akawaambia wazazi wengine kwamba kwangu watoto wanalazwa popote. Niliposimama tena nilikuwa na watoto wawili. Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa kufuta meza na kungoja simu.

Kwa hiyo dada zangu, nawasihi. Msiulize mkaguzi atajuaje. Swali hilo likishakupitia kichwani, ujue moyo wako umeshajibu. Kikomo kinahesabiwa dakika kwa dakika. Hakuna wastani wa siku wala wa wiki. Watoto wawili wakipishana kwa robo saa, mmoja akisubiri kuchukuliwa na mwingine ameshafika, kwa robo saa hiyo umevunja leseni. Mimi sasa nina ubao ukutani wenye mistari ya saa, kila mtoto na rangi yake, na kabla ya kumkubalia mzazi yeyote mabadiliko ya muda naenda kwanza kwenye ubao. Simjibu kwenye simu. Namwambia, "Nipe dakika tano." Dakika tano hizo zimeniokoa mara nyingi.

Angalieni na umri. Leseni nyingi zina kikomo ndani ya kikomo: sita kwa jumla, lakini wachanga wasizidi idadi fulani. Unaweza kuwa na watoto wanne na bado ukawa umevunja sheria.

Na si watoto tu wanaohesabiwa. Shemeji akija kukaa kwako mwezi mzima ni mtu mzima anayeishi kwenye kituo, na sehemu nyingi naye lazima achunguzwe kama amewahi kutiwa hatiani. Piga simu kabla hajafika, uliza, na omba jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo halitakusaidia siku afisa mwingine akija.

Rejista ijazwe saa ileile mtoto anapoingia na anapotoka, na mzazi atie saini. Usijaze jioni kwa kukumbuka. Dawa usimpe mtoto bila idhini ya maandishi na bila chupa yake yenye lebo, na uandike kipimo na saa. Mazoezi ya kutoka nje wakati wa moto yaandikwe tarehe na muda mliotumia. Haya mnayajua, lakini kuyajua hakutoshi, hata mimi niliyajua siku ile. Yanataka yafanywe hata siku umechoka, hata siku hakuna anayekuangalia, kwa sababu mzazi amekuachia mwanawe akiamini unayafanya.

Dada uliyeniandikia, mpigie jirani yako leo, usisubiri kesho. Mwambie una sita na wa saba huwezi, mtajie walezi wenye leseni unaojua wana nafasi, kisha umwandike kwenye orodha yako ya kusubiri na umwoneshe jina lake limeandikwa. Atakasirika, na wiki mbili hizo hamtasalimiana vizuri. Mimi na yule mama aliyenipigia akilia, mpaka leo tukikutana anageuza uso. Binti yake huwa namwona kwa mbali, amekuwa mrefu, na hanikumbuki.