Ukitaka kukielewa kisima cha mafuta, anza na tope

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kuchoronga visima vya mafuta huniuliza kwanza habari za keekee, kile kichwa kinachokata mwamba: ina meno gani, ni kweli ina almasi, inakata mita ngapi kwa siku. Siwalaumu. Ila mimi nimefanya kazi upande wa tope, yale majimaji mazito yanayosukumwa kisimani wakati wa kuchoronga, na anayeanza namwambia hivi: lisome tope kwanza, mengine yatakujia kwa urahisi.

Ondoa kichwani picha ya ziwa la mafuta chini ya ardhi. Mafuta hukaa ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, hasa wa mchanga au wa chokaa, pamoja na maji na mara nyingi gesi. Juu yake hufunikwa na mwamba usiopitisha kitu, la sivyo yangeshapanda na kupotea zamani. Na vyote hivyo vimebanwa. Safu ya maji yenye kina cha mita 3,000 peke yake hukandamiza kitako chake kwa takriban baa 300, zaidi ya mara 100 ya upepo wa tairi la gari. Ukiutoboa mwamba kama huo, kilichobanwa kitatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni tundu lako.

Hapo ndipo tope linapofanya kazi. Ni maji, au mafuta, yaliyochanganywa na udongo wa bentonaiti na unga wa baraiti, madini yenye uzito zaidi ya mara 4 ya maji. Husukumwa kupitia ndani ya mabomba hadi kwenye keekee, kisha hupanda kwa nje likibeba vipande vya mwamba. Linapoza keekee, linasafisha tundu, na kwa uzito wake linakizuia kilichomo mwambani kisipande. Likiwa jepesi mno, kisima kinaanza kusukuma, yaani kilichomo mwambani kinaingia tunduni na kupanda. Likiwa zito mno, linaupasua mwamba na kumezwa, safu yake inashuka, na unarudi kwenye hatari ileile. Uzito unaofaa kwa tabaka la juu unaweza usifae kabisa chini, ndiyo maana tunachoronga kwa hatua: kila hatua inavalishwa mabomba ya chuma, inamwagiwa saruji nyuma yake, kisha tunaendelea na keekee ndogo zaidi. Kisima huwa kipana juu na chembamba chini.

Ukishaelewa hilo, aina za uchorongaji hazikusumbui. Ya zamani ni ya kugonga: chuma kizito kinaning'inizwa kwa kamba, kinainuliwa na kuachiwa. Kisima cha Edwin Drake kule Titusville, Pennsylvania, kilipatikana hivyo mwaka 1859, kwa kina cha mita 21 tu. Ya pili ni ya kuzungusha, na ndiyo iliyotawala. Huko Spindletop, Texas, ndiyo iliyowavusha wachorongaji kwenye mchanga laini uliokuwa ukibomoka, lakini Januari 1901 kisima kiliwashinda na mafuta yakaruka hewani kwa siku 9. Vali kubwa za kufunga mdomo wa kisima zilikuja miaka ya 1920.

Siku hizi tunakunja kona na kwenda mlalo ndani ya tabaka lenyewe, pengine kwa kilomita kadhaa. Hapa napenda kuwakumbusha wapenzi wa keekee kwamba mara nyingi mota inayoizungusha huko chini inaendeshwa na tope, na vipimo vya mwelekeo hutufikia juu kwa mapigo ya presha ndani ya tope hilohilo. Kupasua mwamba kwa maji na mchanga ni kazi nyingine, hufuata baada ya kuchoronga. Watu wengi huchanganya haya mawili.

Baharini, kwenye maji mafupi mtambo husimama kwa miguu yake. Kwenye kina kirefu huelea, au huwa ni meli kabisa. Huko tope lina safari ndefu zaidi, kutoka sakafu ya bahari hadi sitahani. Mwaka 2010, kwenye mtambo wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko, tope lilikuwa linaondolewa na kuwekwa maji ya bahari yaliyo mepesi, huku kipimo cha presha kikiwa kimesomwa vibaya. Kisima kikalipuka, na wafanyakazi 11 wakafa. Kasome taarifa za ajali ile kabla hujaomba kazi popote.

Sasa la vitendo. Zoea kutazama matangi ya tope. Tope linalorudi likizidi unalosukuma, sema papo hapo. Pampu zikizimwa na kisima bado kinatiririka, kifungwe kwanza, maswali baadaye. Nimewahi kumwona kiongozi wa zamu akisimamisha kazi yote kwa sababu tangi limepanda, kumbe mtu kaongeza maji bila kusema. Aliyepata maneno makali ni yule wa maji. Kiongozi hakuulizwa kitu.

Na siku yako ya kwanza mtamboni, uliza nani ana ruhusa ya kufunga kisima. Ukiambiwa lazima mkubwa apigiwe simu kwanza, tafuta mtambo mwingine.