Shuka na gia uliyopandia: ushauri kwa wanaopanga msafara wa magari katika milima ya Lesotho

Kituo cha mpaka cha Afrika Kusini kilicho chini ya Sani Pass, njia ya mlimani inayoshuka kutoka Lesotho, hufungwa saa kumi na mbili jioni. Siku ninayoisimulia, ilipofika saa kumi na robo magari yetu saba yalikuwa bado yamesimama juu, upande wa Lesotho, watu wakipiga picha na kunywa chai, na mimi niliyekuwa kiongozi wa msafara nilikuwa nimekwisha kutoa maelekezo ya kushuka kwa madereva sita. Dereva wa saba alikuwa msalani. Sehemu kubwa ya yale ninayotaka kuwashauri wanaopanga safari ya namna hii inatokana na dereva huyo, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Tulikuwa watu 19, wengi wetu Watanzania na Wakenya tunaofanya kazi Johannesburg na Pretoria, pamoja na rafiki mmoja kutoka Lubumbashi na shemeji yetu wa Kizulu. Tulichagua Lesotho kwa sababu ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu mtu anaweza kutoka Johannesburg alfajiri na mchana akawa tayari anapanda milima. Tuliingia kwa daraja la Ficksburg mwishoni mwa Septemba, tukapita Leribe na Pitseng, tukavuka mlima kwa njia ya Mafika Lisiu yenye kimo cha mita 3,090 na kulala Katse, karibu na lile bwawa ambalo ukuta wake una kimo cha mita 185. Siku ya pili tulifuata barabara ya changarawe hadi Thaba-Tseka, siku ya tatu tukahangaika na njia ya mawe hadi Mokhotlong, na siku ya nne tukavuka mlima kwa njia ya Kotisephola yenye kimo cha mita 3,240, kabla ya kuanza kushuka Sani.

Nianze na karatasi, kwa kuwa zilitupotezea saa nzima hata kabla hatujaona mlima. Gari ambalo bado linalipiwa mkopo wa benki haliruhusiwi kutoka Afrika Kusini bila barua ya benki, na gari la kukodi linahitaji barua ya mwenye gari inayotaja nchi unayoingia. Mwenzetu mmoja aliijua kanuni hiyo vizuri kabisa, ila barua ilikuwa imebaki mezani kwake. Kiongozi asikubali jibu la “ninayo”. Azione barua zote kwa macho yake jioni ya kuamkia safari. Kuhusu fedha hakuna shida, kwa sababu randi hupokewa kote Lesotho kwa thamani sawa na maloti, fedha ya Lesotho.

Jambo la pili ni mpangilio wa magari, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi hudhani kwamba msafara ni kufuatana tu. Siku ya kwanza tulifuatana tu. Magari mawili yenye injini kubwa yalitoweka mbele, pikapu ya zamani ya petroli ikabaki nyuma ikikohoa, na katikati kukawa na watu wasiojua wamfuate nani. Injini ya petroli isiyo na tabochaja, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inayoingia ni nyepesi; kwa hiyo ile pikapu, ambayo Johannesburg haikuwa na tatizo lolote, kule juu ya Mafika Lisiu ilikuwa inapanda kwa gia ya kwanza huku mshale wa joto ukisogea mahali ambapo hakuna dereva anayependa kuuona. Aliyekuwa akiiendesha alikuwa anajikaza asiachwe. Mtu anayejikaza asiachwe hasimami kupumzisha injini hata pale anapojua kwamba anapaswa kusimama.

Usiku ule tulibadilisha utaratibu. Gari dhaifu kuliko yote likawekwa la pili, nyuma ya kiongozi tu, ili mwendo wake ndio uwe mwendo wa wote na mwenyewe asijione mzigo. Kila dereva akapewa jukumu la gari lililo nyuma yake, si lililo mbele: ukifika njia panda, hukati kona mpaka umeona taa za anayekufuata, na usipoziona unasimama, naye aliye mbele yako atasimama asipokuona wewe. Kwa njia hiyo msafara wote husimama wenyewe hata kama redio zimekufa. Redio za mkononi ni muhimu, nami nasisitiza kila gari liwe nayo, lakini milima hukata mawimbi kila penye kona kubwa. Sisi tulizungumza Kiswahili redioni, kisha tukagundua kwamba shemeji yetu alikuwa anaitikia “sawa” kwa kila kitu bila kuelewa hata nusu. Tukakubaliana maneno matano mafupi ambayo kila mmoja aliyakariri, na kila gari likaitwa kwa namba yake.

Gari la mwisho linapaswa kuwa la mtu mwenye uzoefu, aliyebeba kamba ya kuvutia, jeki nzito, pampu ya upepo na sanduku la dawa, kwa sababu yeye ndiye pekee atakayelifikia kila gari lililokwama bila kulazimika kugeuza. Kanuni hii niliifuata siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne niliivunja, kama nitakavyoeleza.

Matairi nayo yana lake. Kwenye changarawe na mawe tulipunguza upepo kutoka psi 34 hadi 24, na tofauti tuliiona mara moja: gari liliacha kurukaruka, tairi likawa linalikumbatia jiwe badala ya kulipiga. Hata hivyo, hakuna faida ya kupunguza upepo iwapo hakuna pampu ya kuurudisha mtakapofika kwenye lami. Tulipata pancha mbili tu kwa siku nne, zote mbili kwa mtu yule yule aliyekataa kupunguza.

Miili yetu ilihitaji uangalifu ambao hatukuupanga. Nimekulia Moshi, ambako kila mtoto amesikia wapagazi wa Kilimanjaro wakisema “polepole”, lakini ukiwa umekaa kwenye kiti cha gari unasahau kwamba unapanda mlima. Kwenye mita 3,000 hewa ina takriban asilimia 70 tu ya msukumo ulioko pwani. Watu watatu waliumwa kichwa, mmoja akatapika kule Kotisephola, na wote watatu walikuwa hawajanywa maji tangu asubuhi kwa kuogopa kusimamisha msafara. Kiongozi atangaze mapumziko bila kusubiri kuombwa, na malazi yapangwe bondeni, kama tulivyolala Katse na Mokhotlong, si juu mnakovukia. Baridi ya usiku ni kali hata majira ya baridi yakiwa yamekwisha, na theluji inaweza kuanguka wakati usioutarajia. Aliyebeba maharage makavu kwa ajili ya chakula cha jioni alijifunza pia kwamba maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100 yakiwa mahali pa juu. Tulikula saa nne usiku, nayo bado yalikuwa yanagoma kuiva.

Neno moja kuhusu wenyeji. Njiani mtawapita wachungaji, wengi wao vijana wadogo, wamejifunika mablanketi ya Kisotho na kutembea na mifugo yao katikati ya barabara, kwa sababu barabara ni yao kabla ya kuwa yenu. Punguzeni mwendo, msipige honi kwenye farasi, msalimieni mtu kwa “Lumela”. Msiwarushie watoto peremende kupitia dirishani. Tulimwona mtoto akikimbia mbele ya gari kwa kutarajia tu kurushiwa kitu.

Sasa Sani. Kati ya kituo cha Lesotho, kwenye mita zinazokaribia 2,900, na kituo cha Afrika Kusini kuna kilomita 8 hivi, na wakati tulipopita sisi kipande hicho kilikuwa bado cha changarawe na mawe, chenye kona zinazojikunja moja juu ya nyingine na mahali ambapo mteremko unafikia moja kwa tatu, yaani mita moja chini kwa kila mita tatu za kwenda mbele. Upande wa Afrika Kusini gari lisilo fowili, yaani lisilosukumwa na magurudumu yote manne, haliruhusiwi kuipanda. Anayepanda ndiye mwenye haki ya njia, kwa hiyo anayeshuka lazima aangalie kona mbili mbele na kutafuta mahali pa kupisha mapema.

Baba yangu mdogo aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Mbeya kwa miaka mingi, na likizo moja ya shule alinichukua kama utingo. Tulipokuwa tunarudi, juu ya mlima Kitonga, alisimamisha lori kabla ya mteremko, akaingiza gia ndogo, akaniambia: shuka na gia uliyopandia. Ndiyo maelekezo niliyowapa madereva sita pale juu ya Sani. Weka fowili ya 4L, ile ya gia nzito, ukiwa umesimama. Tumia gia ya kwanza. Acha injini ndiyo izuie gari. Breki iguswe kidogo na kuachiwa, isikanyagwe mfululizo. Mwenye gari la automatiki atoe mkono wa gia kwenye D, gia ya kwendea kawaida, na kuushikilia kwenye namba moja.

Dereva wa saba alikuwa na gari jipya la automatiki, lenye nguvu kuliko yetu yote, na kwa sababu hiyo nilimweka nyuma, mahali pa mtu mwenye uzoefu, nikichanganya ubora wa gari na ubora wa dereva. Alirudi akakuta tumeshawasha injini. Nilimwona, nikatazama saa, nikampungia mkono tuondoke.

Alishuka kwa D. Baada ya kona za kwanza alisema redioni kwamba anasikia harufu ya kitu kinachoungua, nami nikamjibu aendelee polepole, tutatazama tukifika chini. Jibu hilo ndilo ninalolijutia zaidi katika safari nzima, kwa kuwa halikutoka kwenye ujuzi wowote wa magari. Lilitoka kwenye saa ya mkononi mwangu. Kona mbili baadaye pedali ya breki ilizama hadi sakafuni. Alichofanya kilikuwa sahihi, na hakuna aliyemfundisha: aliuelekeza usukani kwenye ukuta wa mlima, si bondeni, akavuta breki ya mkono, gari likajikwaruza kwenye mwamba na kusimama. Kioo cha pembeni kilivunjika na bati la mbele likakunjika. Mke wake alishuka, akakaa juu ya jiwe, na hakusema neno kwa muda mrefu.

Ikiwafikia hali kama hiyo, kingeni matairi kwa mawe, wasogezeni abiria upande wa mlima, na msimwagie maji diski zilizochemka, kwani chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupinda au kupasuka. Subirini tu. Tulisubiri dakika 35. Gari namba moja lilitangulia chini kuwaeleza maofisa wa mpaka kwamba kuna wenzetu njiani, jambo ambalo nashauri lifanyike mapema, maana tulikuwa tumekwisha kugongewa muhuri wa kutoka Lesotho, na lango la chini likifungwa tungelala kati ya nchi mbili, kwenye baridi, bila kuwa mahali popote. Rafiki yetu wa Lubumbashi, aliyezoea barabara za migodini, alilichukua gari lile na kulishusha kwa 4L na gia ya kwanza, akitembea kwa mwendo wa mtu mzima anayekwenda sokoni. Alifika langoni saa kumi na moja na dakika 48.

Tulipolipeleka gari kwa fundi, pedi za mbele zilikuwa zimeungua, lakini kilichozamisha pedali kilikuwa mafuta ya breki. Mafuta hayo hufyonza unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na yenye unyevu huchemka mapema. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mguu unapokanyaga unabana mvuke badala ya kusukuma breki. Gari lilikuwa jipya kwa mwenzetu, si jipya lenyewe, na hakuna aliyekuwa ameyabadilisha.

Kwa hiyo kikao chetu cha maandalizi sasa huanza na breki kabla ya kufika kwenye chakula na malazi: kila dereva huleta stakabadhi ya fundi inayoonyesha mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Juu ya mteremko tunapaswa kuwa tumefika kabla ya saa sita mchana. Maelekezo hayatolewi mpaka kila dereva awepo, na kila mmoja huyarudia kwa maneno yake mwenyewe, akionyesha kwa kidole gia atakayotumia. Wengine hucheka wakifanya hivyo. Mwenzetu wa gari la saba hachekagi.