Uvae nini ukija Omaha Januari

Dada, kwa hizo siku nne zako Omaha, Marekani, usinunue likoti moja zito ukadhani umemaliza. Jimbo hili la Nebraska sehemu kubwa ni tambarare, hakuna mlima wa kuzuia upepo unaoshuka kutoka Kanada. Leo nyuzi 8, kesho asubuhi 15 chini ya sifuri. Vaa tabaka tabaka: fulana ya mikono mirefu inayobana mwili (si ya pamba, ikilowa jasho utagandia humo), sweta, kisha jaketi lisilopitisha upepo. Ukiingia ndani utavua upesi, hita zao zinawaka kama jiko la mkaa.

Ila viatu usivifanyie mzaha. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda Old Market, mtaa wa zamani wa maduka na migahawa hapa mjini, na raba za soli laini. Yale matofali ya barabarani yalikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana, nikajikuta nimekaa chini mbele ya kadamnasi. Buti zenye soli ya meno, soksi za sufu, kofia inayofunika masikio, glavu. Na mafuta ya midomo, hewa ni kavu mno. Jaketi tafuta mitumba soko la Karume, Dar es Salaam, kabla hujapanda ndege, utaokoa hela.